Mwitongo: Neno Lililolala Makaburini

Masika yalipokolea nilitoka Musoma kwenda Butiama. Kabla ya kupanda gari nilipita Mwisenge, penye shule ambako mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki alianza masomo akiwa na miaka 12. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo, ndiye aliyekuja kutafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Butiama nilipokelewa na majani mabichi, majabali yaliyokoshwa na mvua, na pimbi waliotoka kuota jua. Mwalimu alizikwa hapo Oktoba 1999, karibu na wazazi wake. Jina lake la utotoni, Kambarage, ni la mzimu wa mvua, kwani inasimuliwa kuwa alizaliwa siku ya mvua kubwa. Nami nilisimama kaburini pake manyunyu yakianguka.

Lililonishika zaidi ni jina la mahali penyewe: Mwitongo. Kwa Kizanaki, itongo ni palipokuwa na maskani ya watu, kisha pakahamwa. Kiswahili nacho kina tongo, wingi wake matongo, ndugu wa mahame na ganjo. Lakini malenga wa leo tukisikia tongo, twafikiria ute wa macho tu.

Marehemu bibi yangu hakulisahau. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, aliliacha boma lake karibu na Bunda, na hadi mwisho wa uhai wake alipaita pale "tongo langu". Amri ya watu wote wa mashambani kuishi katika vijiji ilitoka mwaka 1973, chini ya uongozi wa huyuhuyu aliyelala Mwitongo. Mwalimu alipofariki, bibi alimlilia kama aliyefiwa na kaka. Sikuwahi kumwuliza ni vipi uchungu ule na mapenzi yale vilikaa katika moyo mmoja. Sasa naona neno lake lilikuwa limekwisha kunijibu: kuliita tongo ni kukiri kwamba limehamwa, na kwamba bado ni lako.

Jioni nilipita Bunda. Penye tongo la bibi pameota mahindi ya watu wengine. Katikati ya mistari nilikuta figa moja, limelowa, lingali jeusi upande wa moto.