Joanna Fowler, mkemia aliyeshindana na saa

Mgonjwa wa saratani wa hapa Pwani akiandikiwa picha ya PET, aghalabu safari huwa ni ya Nairobi. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Sababu moja imo ndani ya dawa yenyewe, na ili niieleze yanibidi nimtaje mkemia wa Marekani, Joanna Fowler.

Fowler alizaliwa Miami mwaka 1942. Alipata shahada ya uzamivu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1967, na mwaka 1969 akaingia maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, alikofanya utafiti kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1976, yeye pamoja na Tatsuo Ido, Alfred Wolf na wenzao walitengeneza dawa iitwayo FDG. Ni sukari ya glukosi iliyobadilishwa kidogo na kutiwa florini-18, ambayo hutoa mionzi. Seli huipokea kama chakula, lakini haiwezi kuitumia yote, basi hukwama humo, na mashine huona pale ilipojikusanya. Dawa hiyo ilipelekwa kwa ndege hadi Philadelphia, na mwezi Agosti mwaka huo binadamu wa kwanza wakadungwa. Nia ilikuwa kuuona ubongo ukifanya kazi. Baadaye ikatumika sana kwenye saratani, kwa kuwa uvimbe mwingi wa saratani hula sukari kwa pupa.

Tatizo ni saa. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Dawa iliyotengenezwa saa mbili asubuhi, ikifika adhuhuri imebaki chini ya robo ya nguvu yake. Haiwekwi ghalani, haiagizwi kwa meli. Hutengenezwa siku ile ile kwa mtambo wa saiklotroni, kama ule wa Hospitali ya Aga Khan, Nairobi. Kwa barabara, kilomita zipatazo 480 hadi Mombasa zingeimaliza njiani. Kwa hivyo viongozi wetu wakituahidi mashine ya PET, nasi tuwaulize: dawa yake itatoka wapi kila asubuhi, na kwa usafiri gani?

Kazi nyingine ya Fowler yatugusa vilevile. Akishirikiana na daktari Nora Volkow, alitumia kaboni-11, ambayo hupungua nusu kwa dakika 20 tu, kuifuatilia kokeini ndani ya ubongo. Waliona inaingia kwa dakika chache na kutoka upesi, jambo linalosaidia kueleza ile hamu ya kurudia. Mwaka 1996 timu yake ilionyesha kuwa ubongo wa mvutaji sigara una upungufu wa takriban asilimia 40 wa kimeng'enya cha MAO B, kinachosaidia kuvunja dopamini, kemikali ya raha. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Taifa ya Sayansi.

Unga unaowamaliza vijana wetu ni dawa nyingine, lakini funzo nililopata ni lile lile: uraibu hubadilisha ubongo, na mabadiliko hayo hupigwa picha yakaonekana. Kijana tunayemwita teja ni mgonjwa. Tumpeleke kliniki ya methadoni kabla ya kumfukuza nyumbani.