Mary Tape: mama aliyeandika barua

Ukisoma kuhusu kesi ya Tape na Hurley, iliyoamuliwa San Francisco mwaka 1885, jina linalotajwa sana ni la mtoto, Mamie Tape, aliyekuwa na miaka minane. Mimi namfuatilia zaidi mama yake. Uandishi wa habari umenifundisha kwamba mtoto akikataliwa mahali, kuna mtu mzima anayepiga hodi mara ya pili na ya tatu. Huyo ndiye mwenye habari.

Mary alifika San Francisco kutoka China mwaka 1868, binti wa miaka 11, hana baba wala mama wa kumshika mkono. Akalelewa kwenye makao yaliyoendeshwa na wanawake wa Kizungu. Humo alijifunza Kiingereza na mavazi ya Kimarekani, na akatoka na jina la Mary McGladery, ambalo lilikuwa jina la mmoja wa walezi wa pale. Mwaka 1875 akaolewa na Jeu Dip, kijana wa Guangdong aliyekuwa anasambaza maziwa kwa gari la farasi, na ambaye naye alijiita Joseph Tape. Mary alichora, akapiga picha, akajifunza hata kutuma simu za maandishi kwa waya. Wakakaa mtaa wa Wazungu, wakalea watoto kama majirani zao walivyolea wa kwao.

Sasa fikiria, msomaji. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Miaka miwili baadaye Mary anampeleka Mamie, mzaliwa wa Marekani, shule ya Spring Valley. Mwalimu mkuu, Jennie Hurley, anamkatalia. Bodi ya elimu nayo ikatangaza kwamba mwalimu mkuu atakayepokea mtoto wa Kichina atafukuzwa kazi.

Akina Tape wakaenda mahakamani. Januari 1885 wakashinda. Machi wakashinda tena kwenye Mahakama Kuu ya California. Sheria ya elimu ya jimbo ilisema shule ni za watoto wote, basi, na Mamie ni mtoto. Lakini bunge la California likafanya haraka kupitisha sheria mpya iliyoruhusu shule za pekee kwa Wachina. Mamie alipopelekwa tena Spring Valley, Hurley akasema darasa limejaa na cheti cha chanjo hakipo. Mlango ukabaki umefungwa, safari hii kwa lugha ya adabu.

Hapo ndipo Mary alipoandika barua kwa bodi, Aprili 8. Gazeti la Daily Alta California likaichapisha. Kiingereza chake kina makosa ya tahajia hapa na pale, ila hasira haina kosa hata moja. Aliwauliza kama kuzaliwa Mchina ni aibu, na kama wao ni Wakristo wa aina gani. Akaapa kwamba Mamie hatakanyaga kamwe shule ya Wachina waliyomtengenezea.

Siku chache baadaye shule hiyo ikafunguliwa, na Mamie pamoja na mdogo wake Frank walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa.

Wapo wanaoona hapo Mary alishindwa. Mimi naona mama aliyejua kwamba mtoto hawezi kukaa nyumbani akisubiri nchi ipate akili. Kiapo kinaweza kungoja, alfabeti haingoji. Bibi zetu waliosoma enzi za mkoloni, shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, wangemwelewa bila maelezo. Mwaka 1895 familia ikahamia Berkeley, ambako watoto walipokelewa shuleni pamoja na wengine.

Tusimfanye malaika, lakini. Joseph alitajirika kwa kuhudumia Wachina waliofika bandarini, na Frank akawa mkalimani wa idara ya uhamiaji, ofisi ileile iliyowabana Wachina wenzake. Alishtakiwa kwa kujinufaisha na kazi hiyo, akaachiwa huru. Sheria iliyowadhalilisha ndiyo iliyowalisha. Mwanahistoria Mae Ngai ameliandika jambo hilo vizuri katika kitabu chake The Lucky Ones cha mwaka 2010, na ndicho ninachowashauri muanze nacho.

Mary alifariki mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 77 hivi. Sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa 1943. California ilifuta sheria ya kutenga shule mwaka 1947, na aliyeisaini, Gavana Earl Warren, ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani na kuandika hukumu ya Brown ya 1954. Mary hakuishi kuyaona hayo. Aliacha watoto waliosoma, na barua ambayo bodi ile haikuwa na jibu lake.