Betri zilizokataa kustaafu

Betri ya simu yako ikifikisha miaka miwili mitatu inaanza kukusumbua, si ndiyo? Sasa ifikirie darubini ya Hubble. Inaizunguka dunia kwa takriban dakika 95, na kila mzunguko hupita gizani kwa nusu saa hivi. Hapo paneli za sola hazina kazi, inabaki betri. Piga hesabu: mizunguko 15 kwa siku, miaka 19. Ni zaidi ya mara 100,000 kuchaji na kutumia, na fundi alikuwa huku chini, kilomita kama 600.

Awali Hubble ilipangiwa betri za nikeli na kadimiamu, zilizozoeleka kwenye setelaiti. Januari 1986 chombo cha Challenger kikateketea na wanaanga saba, safari zikasimama, na Hubble ikabaki ardhini. Katika kusubiri huko wahandisi wakahamia nikeli na haidrojeni, aina iliyokwishajaribiwa angani mwaka 1977 kwenye setelaiti ya NTS-2 ya Marekani.

Ndani kuna nini? Upande chanya ni nikeli ileile. Upande hasi ni gesi ya haidrojeni, ikisaidiwa na platinamu. Yaani kila seli ni mtungi mdogo wa gesi! Ukichaji, haidrojeni inaongezeka na presha inapanda hadi zaidi ya mara 20 ya presha ya tairi la gari. Ukitumia, inashuka. Kwa hiyo presha yenyewe inakuonyesha chaji iliyobaki. Ukizidisha chaji, oksijeni inayotoka inaungana na haidrojeni, inarudi kuwa maji. (Kweli, Hubble hutumia sehemu ndogo tu ya chaji kila mzunguko, tofauti na wewe na simu yako.)

Zilitarajiwa kudumu miaka mitano hivi. Wanaanga wa Atlantis walizibadilisha Mei 2009, zote sita.

Mbona basi hatuna hizi majumbani? Platinamu ni ghali mno. Mwaka 2018 kundi la Yi Cui, Chuo Kikuu cha Stanford, lilionyesha kwamba mchanganyiko wa nikeli, molibdenamu na kobalti unaweza kushika nafasi yake. Ukubwa wa mitungi hausumbui sana ardhini. Kinachosumbua ni kwamba haidrojeni huigusa nikeli ndani humo, hivyo chaji hupungua yenyewe taratibu. Kwa umeme wa jua wa mchana utakaotumika usiku, hiyo si neno. Kuuweka mwezi mzima, hapana.