Kabla ya Kisu: Historia ya Upasuaji wa Ubongo kwa Wagonjwa wa Kifafa

 

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme na vita. Lakini maradhi nayo yana historia yake. Leo tutazungumza juu ya kifafa, na juu ya madaktari waliothubutu kufungua fuvu la kichwa cha mgonjwa ili kukitibu. Swali letu ni moja. Ubongo ndio unaotuwezesha kusema, kutembea na kukumbuka. Je, daktari atajuaje mahali pa kukata, na mahali ambapo hapaguswi kamwe? Kalamu na madaftari yawe tayari.

Kwanza tuelewe kifafa ni nini. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana ya umeme, inayopita kutoka sehemu hadi sehemu kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivurugika ghafula, mtu huanguka, mwili ukatukutika na povu likamtoka. Wengine hawaanguki. Hukodoa macho tu kwa muda, au hutafunatafuna bila chakula, wasijue wafanyalo. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika aliyeanguka.

Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu ugonjwa mtakatifu, kwa kuamini kwamba umeletwa na miungu. Lakini yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo kiliandikwa kitabu miongoni mwa vitabu vya mganga Hippocrates. Kitabu hicho kilisema kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, na chanzo chake ni ubongo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini zilipita zaidi ya karne 20 kabla watu hawajajua la kufanya kwa ujuzi huo.

Sasa twende London, Uingereza, katika miaka ya 1860 na 1870. Huko alikuwako tabibu aliyeitwa John Hughlings Jackson. Kazi yake kubwa ilikuwa kutazama. Aliona kwamba kwa wagonjwa wengine mtukutiko hauanzi mwili mzima mara moja. Huanza katika kidole gumba, ukaenda kwenye kiganja, ukapanda mkono, ukafika usoni. Jackson akafikiri hivi: ikiwa mtukutiko huanza mahali pamoja kila siku, basi katika ubongo pia pako mahali pamoja panapoanza kuvurugika. Wahenga walisema, panapofuka moshi pana moto. Kidole gumba ndicho moshi, na moto uko katika ubongo.

Mwaka 1870, Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, walionyesha jambo linaloafikiana na mawazo hayo. Waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo. Walipogusa mahali hapa, mguu ulicheza. Walipogusa pale, uso ulicheza. Basi ikaonekana kwamba kila sehemu ya ubongo ina kazi yake, kama vile shambani huyu hulima, huyu hupalilia na huyu huchota maji.

Tarehe 25 Mei 1886, katika hospitali ya Queen Square mjini London, daktari mpasuaji Victor Horsley alimpasua kijana Mskoti wa miaka 22. Kijana huyo aligongwa na gari la farasi alipokuwa mtoto, akaumia kichwa, na baadaye akawa anaanguka mara nyingi. Wakati ule mashine ya kupiga picha za mifupa ilikuwa bado kugunduliwa. Horsley aliongozwa na kovu la kichwani na jinsi mgonjwa alivyokuwa akianguka. Aliondoa kovu lililokuwa juu ya ubongo, na kijana akapona jeraha lake. Mgonjwa wake wa pili alikuwa na mtukutiko ulioanza katika kidole gumba na kidole cha shahada. Horsley akafungua mahali panapoongoza kidole gumba, akakuta uvimbe. Macho ya Jackson yalikuwa yameelekeza mkono wa Horsley.

Lakini si kila mgonjwa ana kovu, wala si kila mgonjwa huanza na kidole. Ilihitajika njia ya kutazama ndani bila kufungua. Njia hiyo ilitoka Jena, Ujerumani. Mwaka 1924 daktari Hans Berger alifaulu kupima umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa, na mwaka 1929 akaitangaza kazi yake. Umeme ule ulijiandika kama mistari ya mawimbi juu ya karatasi. Wengi hawakumwamini upesi. Lakini katikati ya miaka ya 1930, wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mawimbi ya mtu mwenye kifafa huweza kutambuliwa. Sasa daktari aliweza kuuliza: mawimbi yanachafuka upande gani?

Kutoka Ujerumani tuvuke bahari mpaka Montreal, Kanada. Huko alifanya kazi daktari Wilder Penfield. Mwaka 1928 Penfield alimpasua dada yake mwenyewe, Ruth, aliyekuwa na uvimbe katika ubongo na alikuwa akianguka kwa sababu hiyo. Hakuweza kuuondoa uvimbe wote, na mwaka 1931 dada yake akafariki. Mwaka 1934 Penfield alifungua chuo na hospitali ya maradhi ya ubongo mjini Montreal.

Njia yake ilikuwa ya ajabu kwa wanaoisikia mara ya kwanza. Mgonjwa alipasuliwa akiwa macho. Ngozi ya kichwa ilitiwa dawa ya ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Penfield aligusa ubongo kwa umeme mdogo, mahali baada ya mahali, naye mgonjwa akaeleza anachosikia. "Mkono wangu unachezacheza." "Ulimi umekufa ganzi." Kila mahali palipojibu paliwekwa kikaratasi chenye namba. Mgonjwa alipoonyeshwa picha ya kitu akashindwa kukitaja jina, daktari alijua kwamba hapo ni mahali pa maneno, hapakatwi. Hivyo mgonjwa mwenyewe alimsaidia daktari kuchora ramani.

Lakini mambo mengine yalifaa kujulikana mapema, kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Ubongo una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Kwa watu wengi nusu ya kushoto ndiyo inayotawala kusema, lakini si kwa wote. Mwaka 1949 daktari Mjapani, Juhn Wada, alieleza njia ya kuilaza nusu moja tu. Dawa ya usingizi hupigwa katika mshipa wa damu unaokwenda upande mmoja wa ubongo. Mgonjwa huinua mikono na kuhesabu. Mara mkono mmoja huanguka, maana nusu moja imelala. Akiendelea kusema, daktari hujua kwamba maneno yako upande wa pili. Baada ya dakika chache nusu iliyolala huamka. Wada alikwenda Montreal, na njia yake ikatumika huko katika miaka ya 1950.

Sasa, ndugu zangu, tumefika mahali penye huzuni katika historia hii.

Huko Hartford, Marekani, aliishi kijana jina lake Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926. Kifafa kilimwanza utotoni. Alipofika miaka 27, dawa nyingi hazikumfaa, na kazi ilimshinda. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimpasua. Kabla ya upasuaji alipimwa umeme wa ubongo, lakini kipimo hakikuonyesha mahali pamoja panapoanzia kifafa. Hata hivyo upasuaji uliendelea, kwa kujaribu. Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo zilizo usawa wa masikio, na aliziondoa pande zote mbili, kulia na kushoto. Ndani yake imo sehemu ndogo iliyopinda, iitwayo hipokampasi.

Kuanguka kwa Henry kulipungua sana. Akili yake ilikuwa nzuri, na maneno yake ya adabu. Lakini hakuweza tena kuweka jambo jipya moyoni. Alikula, na baada ya kitambo hakujua kama amekula. Daktari Brenda Milner kutoka Montreal alimpima mara kwa mara kwa miaka mingi, na kila walipokutana Henry alimwona kuwa mgeni. Aliishi hivyo miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008.

Scoville hakulificha jambo hili. Mwaka 1957 yeye na Milner waliliandika, ili madaktari wengine wasikate pande zote mbili. Milner alikuwa ameona pia wagonjwa wawili wa Montreal waliokatwa upande mmoja tu, nao wakapoteza kumbukumbu kama Henry. Kwa nini? Mmoja wao alipofariki mwaka 1964, ubongo wake ulichunguzwa. Ikaonekana kwamba hipokampasi ya upande ambao haukukatwa ilikuwa imeharibika zamani. Daktari alikuwa ameondoa ile iliyokuwa ikifanya kazi. Kutokana na hayo likaja fundisho kubwa: usiulize tu ugonjwa uko wapi. Uliza pia, je, upande utakaobaki utaweza kubeba mzigo peke yake?

Ndiyo maana siku hizi maandalizi huchukua muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Huweza kuchukua miezi mingi. Kwanza, mgonjwa hujaribiwa kwa dawa. Ikiwa dawa mbili zinazofaa, zilizotumiwa barabara, hazikuzuia kifafa, ndipo hufikiriwa kupelekwa kwa wataalamu wa upasuaji. Pili, hulazwa hospitalini siku kadhaa, akiwa na nyaya kichwani na kamera ikimtazama usiku na mchana. Huko madaktari huweza kumpunguzia dawa, ili kifafa kije mbele ya macho yao. Mtu asijaribu jambo hilo nyumbani, maana kuacha dawa ghafula kwaweza kuua. Tatu, kichwa hupigwa picha kwa mashine ya sumaku iitwayo MRI, kutafuta kovu au uvimbe. Nne, hufanyiwa mtihani wa kumbukumbu na wa maneno. Mwisho wataalamu hukutana na kulinganisha majibu. Ikiwa majibu yote yaelekeza mahali pamoja, na mahali hapo paweza kuondolewa bila kuharibu maisha ya mtu, hapo mgonjwa huelezwa faida na hatari, naye huamua mwenyewe. Wengine huambiwa kwamba upasuaji hauwafai. Neno hilo ni chungu, lakini ni bora kuliko yaliyompata Henry.

Je, taabu hii ina faida? Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2001 kutoka mji wa London ulioko Kanada, wagonjwa 80 ambao dawa zilikuwa hazijawafaa waligawanywa kwa kura. Wote kifafa chao kilianzia katika sehemu ile ya ubongo iliyo usawa wa masikio. 40 walipangiwa upasuaji, na 40 waliendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la upasuaji, 58 katika kila 100 hawakuwa tena na kifafa cha kuwapoteza fahamu. Katika kundi la dawa walikuwa 8 tu katika kila 100.

Na kwetu Afrika ya Mashariki? Huko Mbale, Uganda, upasuaji wa namna hii ulianza kufanywa katika miaka ya 2000, baada ya wagonjwa kuchaguliwa kwa uangalifu. Lakini tusisahau kwamba wagonjwa wengi hawahitaji kisu. Huko Mahenge, Tanganyika, kwenye nchi ya Wapogoro, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa yapata mwaka 1960. Alikuta watu waliotengwa na jamaa zao, na wengine wenye makovu ya moto, kwa sababu walianguka katika mafiga. Aliwapa vidonge vya bei ndogo, na wengi wakapata nafuu.

Basi, ndugu wasikilizaji, kumbukeni kwamba historia hii ilianza kwa mtu aliyetazama kidole gumba. Hata leo, swali la kwanza la daktari ni hili: "Mlimwona akianzaje?" Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kujibu, maana fahamu zilimtoka. Anayeweza kujibu ni mama yake, ndugu yake au jirani aliyekuwa karibu. Kwa hiyo ukimwona mtu ameanguka, usikimbie. Ondoa vitu vya kumdhuru, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Kisha tazama. Ni upande gani ulianza? Ilichukua dakika ngapi? Zikipita dakika 5 bila kukoma, afikishwe hospitali upesi. Na ninyi sasa mmejua kuandika. Andikeni siku, saa na mlichokiona, mumpelekee daktari. Karatasi hiyo moja yaweza kumwonyesha njia.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Jackson aligundua nini kwa kutazama kidole gumba?
2. Kwa nini Penfield aliwapasua wagonjwa wakiwa macho?
3. Henry Molaison alipata faida gani kwa upasuaji, na alipoteza nini?
4. Kwa nini ni lazima kupima pande zote mbili za ubongo kabla ya kukata upande mmoja?
5. Andika mistari mitano kumweleza daktari jinsi ulivyomwona mtu akianguka kifafa.