Kuruhusu na Kuzuia: Historia ya Kitenzi "let" cha Kiingereza

Ni kawaida katika historia ya lugha neno moja kuzaa maana mbili. Lililo adimu ni maneno mawili yenye maana zinazopingana kukutana katika umbo moja. Hayo ndiyo yaliyokipata kitenzi "let" cha Kiingereza, ambacho leo humaanisha kuruhusu, lakini ambacho kwa karne kadhaa kilimaanisha pia kuzuia.

Katika Kiingereza cha Kale vilikuwapo vitenzi viwili mbalimbali. Cha kwanza, "lætan", kilimaanisha kuacha au kuruhusu. Cha pili, "lettan", kiliundwa kutokana na kivumishi "læt", chenye maana ya kukawia. Nacho kilimaanisha kukawiza, na hivyo kuzuia. Uundaji huo si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye naye hupata kawiza kutokana na kawia. Viambishi tamati vilipotoweka, na irabu ndefu ya kitenzi cha kwanza ilipofupika, vitenzi hivyo vikafanana kabisa. Muktadha peke yake ndio uliobaki kuvitenganisha.

Waandishi wa wakati wa Shakespeare walivitumia vyote viwili. Katika tamthilia ya Hamlet, sehemu ya kwanza, onyesho la nne, Horatio na Marcellus wanamshika mwana wa mfalme asiufuate mzuka wa baba yake. Naye anatishia kumuua yeyote atakayemzuia, na kitenzi anachokitumia ni "let". Akisomwa kwa maana ya leo, Hamlet ataonekana kumtisha anayemruhusu kwenda, na onyesho zima litapinduka.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina matumizi hayo hayo katika Warumi 1:13 na 2 Wathesalonike 2:7. Wasahihishaji wa Agano Jipya walikiondoa kitenzi hicho katika aya hizo mwaka 1881, wakaweka vingine vyenye maana ya kuzuia. Leo maana hiyo ya kale imesalia hasa katika lugha ya sheria na katika mchezo wa tenisi.

Tangu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, Shakespeare amekuwa na makao katika fasihi ya Kiswahili. Mfasiri wa matini za kale, basi, hana budi kuwa mwanahistoria wa lugha anayoifasiri. Neno gumu humpeleka kwenye kamusi; neno jepesi kama "let" humpita bila kushukiwa, na hilo ndilo la hatari zaidi.