Kondoo 870 kwa Mgonjwa Mmoja

Mwaka 2026 unatimiza karne moja tangu Charles Harington abainishe umbo la kikemia la thairoksini, homoni ya tezi ya shingoni. Mwaka uliofuata, yeye na George Barger wakaiunda maabarani. Wanafunzi wa uuguzi hupewa habari hiyo kwa mstari mmoja, kisha wanakariri maelekezo ya levothairoksini, yaani thairoksini inayoundwa maabarani: asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, vidonge vya kuongeza damu vikae mbali na dawa hiyo kwa saa 4. Sawa, mtihani una haraka zake. Lakini uhondo uko nyuma zaidi.

Februari 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray, kijana wa miaka 25, aliwaambia wenzake kwamba mgonjwa wa miksedema, yule anayevimba uso, kuhisi baridi na kuzubaa kwa kuwa tezi yake imeacha kazi, angefaa kudungwa majimaji ya tezi ya kondoo. Mmoja wao akamkejeli: basi na wenye maradhi ya uti wa mgongo wapewe rojo la uti wa mgongo!

Murray hakurudi nyuma. Alichukua tezi ya kondoo aliyechinjwa punde, akaikatakata, akailoweka katika gliserini na asidi ya kaboliki, kisha akaikamua kwa leso iliyochemshwa. Aprili akaanza kumdunga mama mmoja wa miaka 46. Miezi michache baadaye uvimbe ulikuwa umenywea na mazungumzo yamemrudia. Mwaka 1892 sindano ikapata mpinzani: Edward Fox wa Plymouth alielekeza tezi ikaangwe kidogo, iliwe na jeli ya matunda.

Katika maelezo yake ya 1920, Murray anasema mama huyo alifariki 1919 akiwa na miaka 74, baada ya kutumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Daktari amepata sifa zote. Aliyekubali sindano ambayo hakuna aliyeijua husimuliwa kama "mgonjwa wa kwanza" tu. Hilo linaniudhi, na wahadhiri wetu wangeweza kumtengea angalau dakika tano.

Siku ya Krismasi 1914, Edward Kendall alipata fuwele za thairoksini huko Rochester, Marekani. Kidonge cha maabara kilikuja baadaye, kikatawala. Vidonge vya tezi kavu ya nguruwe navyo havijatoweka Marekani, kwa hiyo mgonjwa Mwislamu akiuliza homoni ya levothairoksini inatoka kwa mnyama gani, muuguzi amjibu bila kusita: haitoki kwa mnyama yeyote.