Herufi Moja ya Sembène

Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri iliyomkataza mtu yeyote kupiga picha za sinema katika makoloni yake ya Afrika pasipo idhini ya gavana. Ndiyo maana mwaka 1955 Paulin Vieyra na wenzake waliipiga filamu yao mjini Paris, wala si kwao. Watazamaji wa Dakar walikwisha kuizoea sinema, lakini waliketi gizani wakitazama maisha ya watu wengine, yakisemwa kwa lugha ya watu wengine.

Ousmane Sembène, mzaliwa wa Ziguinchor aliyepata kuwa mchukuzi wa bandarini Marseille, alikuwa tayari mtunzi wa riwaya za Kifaransa alipotambua kwamba wengi wa wananchi wake hawawezi kuzisoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema, hali anakaribia miaka arobaini. Mashine aliichukua kwa wageni bila haya, na hatuoni kosa katika hilo. Kazi ilikuwa kwenye neno. Filamu yake La Noire de..., ya mwaka 1966, ingali yasema Kifaransa: hata Diouana, mtumishi asiyejua kusoma, huwaza moyoni kwa lugha ya mabwana wake.

Mandabi ya mwaka 1968 ilipata fedha za Ufaransa, ikapigwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Ibrahima Dieng aletewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Posta yadai kitambulisho, kitambulisho chadai cheti cha kuzaliwa, na kila karatasi imeandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma. Kwa Kifaransa kisa hiki ni kichekesho. Kwa Kiwolofu ni mashtaka, maana mtazamaji husikia ni nani asemaye lugha gani, na mbele ya nani. (Jina lenyewe, tusisahau, ni neno la Kifaransa lililovikwa kanzu ya Kiwolofu, kama sisi tulivyoyavika maneno meza na posta.)

Ceddo ilipotoka mwaka 1977, ugomvi haukuwa tena na Paris. Rais Senghor, mshairi na bingwa wa sarufi, aliizuia nchini kwa hoja kwamba tahajia rasmi ya Kiwolofu yataka jina hilo liwe na d moja. Sembène alishikilia mbili. Wengi walihisi kwamba kilichoogopwa hasa ni hadithi yenyewe, ambamo imamu anyakua kiti cha mfalme na binti mfalme amwua. Hata hivyo, kwetu sisi walimu wa lugha hoja ya d si upuuzi. Katika Kiwolofu kukazwa kwa konsonanti kwaweza kubadili maana ya neno, na aandikaye lugha yake hana budi kuandika akisikiacho. Linaloudhi ni kwamba swali la kujadiliwa darasani lilijibiwa kwa marufuku.

Senghor aliondoka madarakani mwisho wa mwaka 1980. Baadaye watu wa Dakar wakaiona filamu hiyo, d zake zikiwa mbili.